Nyumba Inayomngoja Mwenyewe

Mtu aliyezaliwa Nachingwea au Ruangwa, akaondoka ujanani kwenda Dar es Salaam au ng'ambo kutafuta riziki, akakaa huko hata watoto wake wakawa wanaijua nchi ya babu yao kwa jina tu, aghalabu hufikiwa na siku ambayo hutamani kujenga nyumba ndogo juu ya kilima kimojawapo cha kwao, apate mahali pa kuwapeleka wanawe shule zifungwapo mwezi wa Juni, waamke alfajiri waone ukungu umelala bondeni na mikorosho imetokeza vichwa tu. Tamaa hiyo ni njema, wala sikukusudia kuizima. Nimekusudia kumkumbusha jambo moja ambalo wajenzi wengi hughafilika nalo, kwamba nyumba ya kupumzikia huishi sehemu kubwa ya umri wake bila mwenyewe. Ukiiendea majuma matatu kila mwaka, basi umekaa nayo siku 21, na siku 344 zilizobaki imekaa peke yake na jua, mvua, upepo, popo, mchwa na moto wa nyika. Mchoro unaoufikiria ule mwezi mmoja wa furaha, ukaisahau ile miezi kumi na moja ya upweke, ni mchoro wa nyumba itakayokufa mapema.

Niliwahi kusimama mlangoni mwa nyumba ya namna hiyo, katika kijiji kimoja cha Ruangwa, pamoja na mwenyewe aliyekuwa hajaikanyaga kwa zaidi ya mwaka. Kutoka pembe ya sakafu mpaka darini, juu ya ukuta mweupe, ulikuwa umepanda mstari wa udongo mwekundu, mwembamba kama kidole cha mtoto, umejipinda kama mshipa wa damu. Nilipoukwangua kwa ukucha, mchwa wakatawanyika ndani yake. Fremu ya mlango wa chumbani ilikuwa imepakwa rangi ya kahawa inayong'aa, nayo kwa kuitazama ilikuwa nzima kabisa, lakini mwenyewe alipoibonyeza kwa kidole gumba, kidole kikazama mpaka kwenye kifundo, kwa maana ndani hapakuwa na mti tena, ni rangi tupu iliyokuwa imesimama. Alinyamaza kitambo kirefu, akafuta kidole chake kwenye suruali, akaenda kuvibonyeza vizingiti vya madirisha kimoja baada ya kimoja. Nyumba ile haikukosa fedha. Ilikosa mtu wa kuuliza mapema ni nani atakayeitazama, na kwa macho gani.

Tuanze na mahali penyewe. Nchi hii haina milima mikubwa kama ya Usambara au Uluguru. Mji wa Nachingwea uko juu ya bahari kwa kiasi cha mita mia nne na kitu, na pande zake vilima vya mawe vimesimama kimoja kimoja katika tambarare kama watu wanaongojana. Ruangwa ardhi imekunjamana zaidi, na mashariki yake uko uwanda wa juu wa Rondo, wenye kukaribia mita 900, ambao misitu yake ilikuwa mashuhuri kwa mivule. Mvua ni za msimu mmoja, huanza Novemba au Desemba na kukoma Aprili au Mei, kisha huja miezi mingi mikavu ambayo majani hugeuka rangi ya simba. Mwenye kununua kiwanja Aprili, wakati kila kitu ni kijani na maji yanalia korongoni, amenunua kitu ambacho hatakikuta Oktoba. Kwa hiyo nasema kwa mkazo kwamba mahali hapo shurti ukapaone mara mbili, Februari katikati ya mvua na Oktoba katika ukavu, na kama una mwili wenye afya ulale hapo usiku mmoja, japo katika hema, usikie upepo unatoka wapi.

Nachingwea yenyewe imekwisha kulipa thamani ya somo hili. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea, ikaleta matrekta na mabuldoza, ikajenga reli kutoka pwani kuja mpaka hapa, na yote hayo yakaharakishwa kabla ya udongo kupimwa vilivyo na kabla ya tabia ya mvua kujulikana. Mwaka 1951 mradi ukaachwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa, ikang'olewa. Mtu anayekuja na ramani iliyokwisha kuchorwa mjini, iliyonakiliwa kutoka picha ya nyumba ya nchi ya theluji, akamwambia fundi aipandishe kilimani ilivyo, anatenda jambo lile lile kwa kipimo cha familia.

Baada ya kuridhika na mahali, pafanye pako kwa halali. Sehemu kubwa ya vilima hivi iko katika ardhi ya vijiji, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, haiiruhusu Halmashauri ya Kijiji kugawa ardhi bila Mkutano Mkuu wa Kijiji kuridhia. Karatasi iliyotiwa sahihi barazani kwa mwenyekiti, hata ikiwa na muhuri, haikutoshi. Waulize wazee, kwa adabu na kwa wasaa, kama kilima hicho kina makaburi au mahali pa tambiko, nawe usijipe mamlaka ya kuamua kwamba mambo hayo yamepitwa na wakati. Na kwa upande wa Ruangwa liko swali jingine la kuuliza, nalo ni la madini ya kinywe. Wilaya hii ina madini hayo kwa wingi, na kwa sheria yetu madini yaliyo chini ya ardhi si mali ya mwenye kiwanja. Nenda ofisi ya madini uulize kama eneo lako limo ndani ya leseni ya mtu, kabla hujaweka hata jiwe moja. Ukiliona jiwe linalobanduka tabaka tabaka na kukuachia weusi wa kuteleza viganjani, lisitiwe katika msingi wako, kwani halina nguvu ya kubeba ukuta. Tafuta lile gumu la kijivu lenye chembe zinazometa, ambalo nyundo hurudi juu ikiligonga.

Sasa nafika kwenye jambo linalonigombanisha na marafiki zangu. Karibu kila mtu hutaka kilele. Hunyosha mkono, akasema, pale juu kabisa, pale kwenye mwamba. Nami humjibu kwamba kilele ni mahali pa kwenda, hakifai kuwa mahali pa kukaa. Huko kusi huvuma kuanzia Aprili mpaka Septemba bila kizuizi, likatafuta ncha ya bati iliyolegea na kuipiga usiku kucha hata ing'oke. Radi za Desemba na Januari hutafuta kitu kilichoinuka kuliko vyote. Kila ndoo ya maji na kila mfuko wa saruji hupandishwa kwa malipo. Na mwenyewe, akiisha kujenga juu ya kilele, hukosa kile alichokipenda, maana kilele alikuwa akikiona, na sasa amekikalia. Bondeni nako hakufai. Huko udongo mweusi hupasuka wakati wa kiangazi na kuvimba wakati wa mvua, ukabeba kuta na kuzishusha, na baridi ya usiku wa Julai huteremka na kutulia chini pamoja na mbu. Jenga begani mwa kilima, kiasi cha theluthi moja chini ya kilele, upande unaotazama kaskazini, ambako mwili wa kilima utakukinga na kusi, na jua la kipupwe litakufikia. Kama uko mto au kijito, kumbuka kwamba Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakutaka ukae mita 60 kutoka ukingo wake.

Juu ya jua napenda kukaa kidogo, kwa kuwa hesabu yake ni rahisi na faida yake ni ya maisha. Nachingwea na Ruangwa ziko kiasi cha digrii 10 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo jua la adhuhuri hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mnamo juma la tatu la Oktoba na tena juma la tatu la Februari. Mwezi wa Juni huwa limeinama upande wa kaskazini kwa digrii 33 hivi, na Desemba huwa limeinama kusini kwa digrii 13 tu. Maana yake ni kwamba kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini, na zile fupi zitazame mawio na machweo, ambako jua huja limelala na hakuna paa liwezalo kulizuia. Ukuta wa kaskazini wenye kimo cha mita 3 ukipewa baraza ya upana wa mita 2, jua la adhuhuri halitaugusa hata mwezi wa Juni, ilhali asubuhi na jioni litaingia barazani kuwapasha watu moto. Upande wa kusini pindo la paa la sentimita 70 latosha kwa jua, ingawa mimi ningelitoa mpaka mita moja kwa ajili ya mvua ya mshazari. Wala usidhani hii ni elimu ngeni. Zitazame nyumba kongwe za udongo za Wamwera na Wamakua ambazo bado zimesimama vijijini, jinsi paa la nyasi lilivyoteremka pande zote likaifunika baraza na kuikinga miguu ya kuta, uone kwamba waliozijenga walilijua jua na mvua ya kwao.

Ukiisha kujua nyumba itazame wapi, chimba msingi kwa kukifuata kilima. Hii ni kazi ambayo mafundi wa tambarare huikosea mara nyingi: hukata upande wa juu, wakamwaga kifusi upande wa chini, wakakishindilia kwa miguu, wakajenga nusu ya nyumba juu ya ardhi asilia na nusu juu ya kifusi. Msimu wa kwanza wa mvua kifusi hutulia, na ufa hupanda katikati ya nyumba kutoka dirishani hadi kwenye mkanda. Msingi na uende kwa ngazi, kila ngazi imelala sawasawa kwa pima maji juu ya ardhi ngumu isiyochezewa, na vyumba navyo vikubali kushuka hatua mbili tatu kimoja baada ya kingine. Nyumba yenye sakafu za ngazi ni ya kupendeza, na wajukuu huipenda. Nyuma ya nyumba, upande wa mlimani, chimba mtaro uliopinda kama mwezi mwandamo, uyapokee maji ya mvua kabla hayajafika ukutani na kuyatupa pembeni, kisha uujenge kwa mawe, kwani mtaro wa udongo utajaa majani na kufukika msimu mmoja tu ukiwa hupo. Shimo la choo liwe chini ya kisima kwa mteremko na mbali nacho kwa mita 30 au zaidi.

Maji ndiyo yatakayoamua kama mapumziko yenu yatakuwa mapumziko kweli, na hapa upweke wa nyumba unakufaa. Milimita moja ya mvua ikiangukia mita moja ya mraba huwa lita moja kamili. Paa lenye mita 100 za mraba, likipata milimita 800 kwa mwaka, hupokea lita 80,000, nawe ukikosa hata moja ya tano kwa kumwagika na kukauka, hubakiwa na 64,000. Familia ya watu sita, kila mmoja akitumia lita 40 kwa siku, kwa siku 21 humaliza lita 5,040. Basi tangi la lita 10,000 latosha kwa wageni na kwa mlinzi mwenye kiasi, ilhali familia hiyo ikiishi hapo mwaka mzima ingehitaji mara tano yake. Lakini mvua ya kwanza usiiruhusu kuingia tangini mwako. Kuanzia Juni wakulima hupuliza salfa katika mikorosho kuuzuia ubwiri unga, na vumbi lake la manjano husafiri na upepo likatua juu ya mabati pamoja na kinyesi cha ndege na majivu ya nyika. Weka bomba la kugeuzia maji, mlinzi ayatupe ya siku mbili tatu za mwanzo mpaka yatoke safi. Tangi lifunikwe kwa wavu na zege. Na katika vijiji vya upande wa Liwale, ambako tembo hutoka porini wakifuata maji na matunda, usipande migomba wala miembe karibu nalo.

Paa ningelifanya la pande nne, ambalo upepo hulipanda na kushuka bila kupata ukuta wa kusukuma, na kenchi zifungwe kwa nondo zilizolazwa ndani ya mkanda wa zege tangu wakati wa kuumimina, badala ya kupigiliwa misumari baadaye. Nyasi ni baridi na nzuri, lakini Agosti na Septemba moto wa nyika hupita katika vilima hivi karibu kila mwaka, nayo nyumba isiyo na mtu wa kupanda na ndoo haifai kuvaa nyasi. Tia bati, chini yake dari, na kati ya hivyo viwili acha hewa ipite kwa matundu yaliyozibwa kwa wavu mdogo popo asipenye. Fyeka mkanda wa mita 10 kuizunguka nyumba kabla ya Julai, uwe mtupu kabisa.

Mkanda huo mtupu ndio unaokurudisha kwa mchwa, ambaye ni adui mkubwa kuliko wote. Vichuguu vyote vilivyo ndani ya kiwanja vichimbwe mpaka apatikane malkia, maana kukivunja kichwa cha kichuguu ni kumpa kazi ya kukijenga upya. Msingi uinuke juu ya ardhi sentimita 45 au zaidi, uachwe bila ripu na bila maua yaliyouegemea, ili mstari wa udongo mwekundu ukianza kupanda uonekane kwa mtu apitaye kwa miguu. Mti wowote usiguse ardhi. Nguzo za baraza zisimame juu ya vikalio vya mawe. Fremu zitokane na kiini cha mkongo au mninga, kwa kuwa ule ubao mweupe wa nje huliwa kama muhogo, nazo zipakwe mafuta yanayoonyesha mti, zisifunikwe kwa rangi nzito inayouficha ugonjwa. Unaponunua mbao hizo dai karatasi za kibali, kwani miti hii inalindwa na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, na mbao za usiku zitakuletea aibu mchana. Ndani weka vyombo vichache: vitanda vilivyosogezwa mbali na ukuta, kabati la chuma kwa magodoro na vitabu, sakafu ya saruji iliyosuguliwa, kuta za chokaa, na vyandarua. Vioo vikubwa viache. Dirisha la wastani lenye wavu ndani na mbao za kufunga nje litakupa upepo ukiwapo na usalama ukiwa hupo.

Yote haya hayatafaa kitu pasipo mlinzi, na nyumba yake ndiyo ijengwe kwanza, kabla ya yako. Akiishi humo na mkewe tangu siku ya kuchimba msingi, atajua bomba limepita wapi na ufa wa kwanza ulianzia wapi. Mpe vyumba viwili vya stara, jiko lenye dirisha linalotazama njia, shamba la kulima lenye mipaka iliyoandikwa, mshahara unaofika mwezi hata mwezi, na daftari la kuandika kila Jumamosi ameuzunguka msingi, ameona nini. Usimfiche gharama za nyumba wala usimfanye mtu wa kulaumiwa kwa kila jambo. Na kazi ya ujenzi uipange kwa kuwaheshimu watu wa hapo: kuanzia Septemba hadi Desemba kila mkono uko katika korosho, na fundi atakayekuacha boma limesimama bila paa akaenda kuokota zake hana kosa. Mawe yavunjwe na matofali yachomwe mvua zikiisha Mei, msingi uchimbwe Juni, na Agosti kofia za bati ziwe zimepigwa, ili mvua ya kwanza ya Novemba ikuonyeshe panapovuja ungali na fundi karibu.

Ama kile kilele ulichokitamani siku ya kwanza, usikiache bure. Mwambie mlinzi akufyekee njia nyembamba kutoka barazani mpaka huko, yenye kupanda kwa kuzungukazunguka ili bibi yenu naye aiweze, na kila hatua themanini pawe na kituo cha kivuli. Huko juu mwambani msijenge kitu. Bingirisheni mawe matatu ya kukalia, moja lielekee Rondo linakotokea jua, na mpande alasiri na chupa ya chai na mihogo ya kuchoma, wakati moshi wa jioni unapoanza kuinuka katika vijiji vya chini.